Kabla hamjanunua wilchea, kwanza mshusheni dogo mlimani

Mkuu mleta uzi, nimesoma zaidi ya mara moja. Umesema mdogo wako alipata ajali ya bodaboda, pingili za mgongo zimeumia, miguu haina nguvu, wiki ijayo anaruhusiwa hospitali na nyumbani ni Mabatini kule juu kwenye mawe. Umeuliza ni wilchea ipi mnunue na kama Mwanza mtu anaweza kuishi nayo. Wenzangu hapo juu wameshakutajia bei na maduka, mimi naanzia kwingine maana haya mambo nimeyaishi, nilidondoka kwenye jukwaa la ujenzi 2014 na mpaka leo natembelea kiti.

Wilchea sio shida yenu ya kwanza, shida yenu ni huo mlima. Mimi nilirudishwa kwa mama, nyumba iko juu kama hiyo yenu, njia yenyewe ngazi za mawe alizochonga jirani, mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Kiti nilikuwa nacho kizuri tu cha msaada, kimekaa ukumbini kinaanikiwa nguo. Kutoka nje ni mpaka kaka zangu wawili wawepo, mmoja ananibeba mgongoni mwingine anashika kiti, na wao wana kazi zao, kwa hiyo nikawa natoka siku ya kliniki na siku ya msiba. Miaka miwili hiyo! Watu walikuwa wanasema nina mawazo, wananiombea, kumbe nilichokuwa nataka ni chumba cha chini tu. Tulipohamia Kirumba, chumba kimoja cha kupanga, sakafu sawa na barazani, wiki ya kwanza nilienda dukani peke yangu kununua sukari. Nilikaa pale dukani nusu saa nzima sina ninachosubiri, nafurahi tu.

Kwa hiyo kama mna laki kadhaa za kuanzia, msizimalizie kwenye kiti, wekeni kodi ya chumba sehemu tambarare. Najua mama atakataa, mama yangu naye alikataa, alisema mgonjwa hatolewi nyumbani. Mwambieni taratibu.

Sasa kiti. Hizi za kukunja za hospitali zenye tairi ndogo ngumu mbele ni za kwenye vigae, ukiingia nayo kwenye changarawe zile za mbele zinazama na wewe unaenda mbele kama gunia, nimeshaacha meno mawili Pasiansi. Kama mtapata ile ya matairi matatu, ambayo tairi la mbele ni moja na liko mbali na miguu, chukueni hiyo, barabara zetu za mtaani inaziweza. Halafu tairi za nyuma ziwe za upepo na saizi ambayo fundi baiskeli anaielewa. Mimi yangu ni inchi 24, tyubu ya baiskeli ya watoto inaingia, pancha naziba palepale chini ya mwembe. Mwenzangu mmoja aliletewa kiti cha kisasa kutoka nje, kimekufa beringi tu, na mpaka leo kipo uvunguni kwa sababu hakuna duka lenye saizi ile.

Ila hata kiti kiwe kizuri vipi, mto wa kukalia ndo roho yake. Hapa naomba unisikilize mkuu. Dogo hasikii makalio, kwa hiyo nyama ikikandamizwa masaa mengi inakufa yeye hana habari. Mimi nilikalia ubao siku nzima kwenye biashara, jioni shangazi ananiambia suruali ina damu. Kidonda kilikuwa kinaingia kidole. Nililala kifudifudi miezi mitano. Tangu hapo kila nusu saa najiinua kwa mikono nahesabu mpaka naridhika, na usiku najikagua kwa kioo kidogo cha saluni. Mfundisheni hilo kabla hata ya kuendesha kiti. Na maji anywe, asiogope kunywa kisa mpira wa mkojo, wengi wanajinyima maji ndo figo zinaharibika.

Choo. Cha shimo kinawezekana, nilichukua kiti cha plastiki nikatoboa katikati, nikakifunga miguu kwa mbao kisiteleze. Tatizo huwa ni mlango, wapangishaji wetu mlango wa choo wanaweka kama wa banda la kuku.

Usafiri nisikudanganye. Haisi za hapa mjini utagombana nazo, konda akiona kiti anapiga bodi gari inaondoka, au anakudai nauli ya watu wawili. Bajaji ndo mkombozi, tafuta dereva mmoja awe mtu wenu, ajue kukunja kiti na ajue kubeba mtu bila kumvuta kwapa. Kinachonishangaza ni kwamba sehemu rahisi kuliko zote ni pantoni ya Kamanga, kwa sababu mlango wake umetengenezwa kwa ajili ya magari, nami napita palepale na magari, hakuna wa kunibeba. Na zamani ukienda Sengerema kwa basi kupitia Kigongo abiria wote wanashuka wapande kivuko kwa miguu, mimi naanza kuomba niachwe ndani ya basi kama mzigo. Toka daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe 2025, kilometa 3 zile napita nimekaa siti yangu kama bosi.

Kuhusu haki, maana uliuliza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo toka 2010, inataka majengo ya umma yafikike, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi tuko vizuri. Mimi niliitwa usaili sehemu moja hapa mjini, jina naliacha, chumba kiko ghorofa ya pili na lifti hakuna, mlinzi akapiga simu juu halafu akaniambia "wamesema watakupigia". Hawajapiga. Na hizo rampu zinazojengwa ili mkaguzi aone zipo, usizipande bila mtu nyuma. Rampu ya kueleweka kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele, sasa mtu ana ngazi tatu anakuwekea rampu fupi kama ya kupakia ng'ombe, ukishuka unaishia katikati ya lami.

Ila kitu kimoja msikipuuze, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii dogo aandikishwe mapema. Kwenye mapato ya ndani ya halmashauri kuna asilimia 2 ya mikopo ya watu wenye ulemavu, haina riba. Sisi kikundi chetu tulikuwa tumeshajaza fomu, serikali ikaisimamisha 2023, tukakata tamaa, ikarudi 2024 tukajaza upya. Sa hivi nauza vifaa vya simu na kuchaji, na nina fremu yangu isiyo na kizingiti. Fremu ya kizingiti hata waniazime bure siitaki.

Watu watamzoea. Mwanzoni nasubiri bajaji zangu, mama mmoja anapita ananiwekea mia tano mapajani, hata salamu hakuna. Siku za kwanza nilikuwa narudisha kwa hasira. Baadae nikawa nasema asante mama, nanunua vocha.

Mkienda kuangalia vyumba nendeni na tepu. Pimeni kiti upana wake kutoka ukingo wa chuma cha kusukumia mpaka kingine, sio siti, cha kwangu ni sentimita 64. Halafu pimeni mlango wa choo kwanza, wa chumba baadae. Dalali akisema "utapita tu huo" mwambie akae yeye kwenye kiti apite.