Mume wangu aliendesha treni, leo anabeba watoto wa chekechea

"Shangazi, nina miaka 54, nakaa Isevya, Tabora. Mume wangu alikuwa dereva wa treni, kastaafu mwaka jana akiwa na miaka 60. Miezi mitatu ya kwanza alishinda barazani, ananihesabia hadi vitunguu. Halafu bila kuniambia akachukua pesa ya mafao, akaenda chuo cha ufundi cha VETA kusomea udereva wa abiria. Sasa anaendesha Kosta ya shule. Saa kumi na nusu alfajiri keshaamka, nyumbani haonekani. Kwenye kikoba wananiita mama chekechea. Tena humo kwenye basi kuna matroni, msichana mbichi. Juzi kaja na sweta ya mtoto, kaifua mwenyewe, kaipiga na pasi. Nimemwambia achague, basi au mimi." — Mama M.

Pole, Mama M. Kuchekwa kunauma, na kufichwa pesa ya mafao kunauma zaidi. Hapo mumeo kakosea, mwambie. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Juu unalalamika mume kashinda nyumbani, chini unalalamika haonekani nyumbani. Sasa unamtaka akae wapi? Nitakuambia mimi. Unamtaka kwenye kichwa cha treni, aondoke Tabora, apotelee njia ya Kigoma au ya Mwanza siku mbili tatu, arudi na migebuka na mshahara, nawe ubaki na nyumba yako upendavyo. Miaka yote hiyo ulikuwa unapokea mgeni wa heshima. Mume mwenyewe ndiye huyu aliyekuja mwaka jana, na bado hujamzoea.

La matroni umelitupia mwishoni kwa sababu hata wewe huliamini. Matroni yumo ili mtoto ashikwe mkono anapovuka barabara, dereva abaki na usukani wake. Siku ukisikia basi la mumeo halina matroni, ndipo uniandikie.

Mtu aliyevuta mabehewa zaidi ya kilomita 400 hadi Kigoma, abiria wamelala nyuma yake usiku kucha, umemkalisha chini ahesabu vitunguu! Angeugua. Nimeona wastaafu wangapi wanaofifia kwenye kiti cha baraza mwaka mmoja tu baada ya sherehe ya kuagwa. Wa kwako kajitafutia la kufanya, tena kakubali kuingia darasani na vijana wa umri wa wanawe. Mchagua jembe si mkulima, mama.

Na hiyo sweta uliyoniletea kama ushahidi wa fedheha, mimi imenitoa machozi. Mtoto kasahau sweta, mzee kaifua, kaianika, kainyoosha, asubuhi kamrudishia mwenyewe. Mama anayemkabidhi mumeo mtoto getini giza halijaisha, dereva wa namna hiyo ndiye anayemwombea kwa Mungu. Tulioyasikia ya ajali ya basi la shule Karatu, Mei 2017, wanafunzi 32 waliokufa kwa asubuhi moja pamoja na walimu wawili na dereva wao, hatuwezi kuiita kazi hiyo ndogo.

Siku hizi wanawake tunaolewa na cheo. Sare ikivuliwa, na heshima tunaitundika msumarini pamoja nayo. Mume akiwa kazini anaandaliwa maji ya kuoga, akistaafu anaulizwa "wewe bado umekaa hapo?" Halafu tunashangaa wazee wanahamia vijiweni kucheza bao mpaka usiku. Wanakikoba wanakucheka kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kuona aibu. Wao wamelipata jina mdomoni kwako.

Ungekuwa na wasiwasi wa mke, ungeniandikia mengine. Mtu wa miaka 60 macho yake yakoje? Alfajiri anaona vizuri, au taa za magari zinampofusha? Presha ya macho huja kimya kimya. Kosta inabeba watoto wangapi, kila mmoja na kiti chake, au wanapakatana? Wakishashuka, anatembea hadi kiti cha nyuma kuangalia kama kuna aliyesinzia? Analala saa ngapi, na hiyo televisheni ya sebuleni unaizima saa ngapi? Haya ndiyo ya kugombana naye. Ukisikia wanamjazia watoto kama magunia, hapo simama naye mlangoni, awaambie wenye shule hapana, nami nitakuunga mkono.

Leo jioni mwondolee hilo la basi au mimi kabla hajalijibu, maana ukimlazimisha kuchagua unaweza kupewa jibu. Wiki hii mpeleke hospitali ya Kitete akapimwe macho na presha. Kesho saa kumi na nusu akiamka, amka nawe, mchemshie chai, mfungie na viazi. Na sweta nyingine ikija, ipokee wewe.