Bayolojia ughaibuni: ada analipa nani?

Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kwanza tu ya bayolojia. Lazima nisome uzamili kabla ya uzamivu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Inategemea unaelekea wapi. Marekani, vyuo vingi hukuchukua uzamivu moja kwa moja. Ada unasamehewa, na posho unaipata kwa kufundisha au kufanya utafiti. Jiandae tu kwa miaka mitano au sita. Ujerumani kwa kawaida wanataka uzamili kwanza, ila ukishaingia uzamivu unakuwa mwajiriwa: unasaini mkataba na kukatwa kodi, mara nyingi ukilipwa asilimia 65 ya mshahara kamili, huku maabarani ukishinda kutwa nzima. Kwa hiyo mfuko hutoboka kwenye uzamili, ambako hakuna mshahara. Ufadhili utafute hapo.

Ni kweli Ujerumani chuo ni bure? (Kisumu)

Kwa vyuo vingi vya umma, karibu bure. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Wanaokwama hukwamia kwenye viza: uoneshe fedha za kujikimu mwaka mzima, euro 11,904 kwa kiwango kilichoanza 2024, zikae kwenye akaunti maalumu unayochota kwa mwezi. Mwenye ufadhili kamili, kama wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma), huonesha barua yake.

Mtihani wa GRE, ule wa kuombea uzamili na uzamivu Marekani, bado upo?

Idara nyingi za bayolojia Marekani zimeuacha. Soma tangazo la chuo husika kabla hujalipia.

Nimewaandikia maprofesa arobaini kuomba nafasi, kimya. (Mbeya)

Nikisie? Barua ni ileile, umebadilisha majina tu. Chagua watano, soma makala zao mbili mbili, kisha eleza kwa aya tatu swali lao gani limekugusa na mikono yako imeshafanya nini. Kutenganisha mbu wa Anopheles, waenezao malaria, kwa hadubini msimu mzima ni habari. “Nina ari ya kujifunza” anaandika kila mtu.

Nikihitimu, kazi ipo?

Ya uprofesa ni finyu hukohuko kwao. Ujerumani sheria huwekea ukomo mikataba ya muda ya watafiti vyuoni: kwa kawaida miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Wengi huishia kwenye kampuni za dawa au uchambuzi wa data, kwa hiyo jifunze takwimu na bayoinfomatiki (kuchambua data za bayolojia kwa kompyuta) hata kama ulisomea vyura. Na usikate mawasiliano na watafiti wa vituo vya utafiti wa afya vya Ifakara, Tanzania, au Kilifi, Kenya. Miradi yao huhitaji watu wenye ujuzi huo. Ukirudi Tanzania, shahada yako ipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambuliwe mapema, usingoje siku ya usaili.