Pasipoti ya mtoto aliyebadilishwa ubini kwa mdomo

Mwanangu hapa nitamwita Lusajo, na majina ya ukoo nitakayoyataja nayo nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Alizaliwa mwaka 2012. Cheti chake nilikipata mwaka 2013, pale mkoa wetu wa Mbeya ulipokuwa wa kwanza nchini kuanza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, badala ya kila mzazi kupanda daladala hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Nilikwenda na kadi ya kliniki, cheti kikaandikwa kwa mkono, nikaondoka nacho bila kulipa hata senti. Kwenye nafasi ya baba nilimtaja baba yake mzazi, mtu wa Makambako, na ubini ukaandikwa wa kwao: Mgaya.

Baadaye niliolewa, tukahamia Uyole. Lusajo alipofika umri wa kuanza awali, tulimpeleka shuleni mimi na mume wangu. Mwalimu akauliza, "Baba anaitwa nani?" Mume wangu alikuwa amemshika mtoto mkono. Akataja jina lake, mwalimu akaandika. Sikusema neno. Ningesemaje pale, mbele ya mwanamume aliyemfundisha huyo mtoto kufunga kamba za viatu? Tangu siku hiyo akawa Lusajo Mwakyoma kwenye daftari, kwenye ripoti, kwenye kitabu cha shule ya Jumapili. Si ubini tu uliobadilika, hata jina la kati. Kwetu jina la kati ndilo linalosema mtoto ni wa nani.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi za huku kwetu zina mtoto wa namna hii. Mwingine anatumia ubini wa mjomba aliyemlea, mwingine wa babu mzaa mama, mwingine alipokelewa na shangazi Tukuyu baada ya msiba, akaandikishwa shule kwa jina la nyumba aliyofikia. Hakuna anayeona tatizo mpaka siku karatasi mbili ziwekwe meza moja.

Kwetu siku hiyo ilifika mwaka 2023. Mume wangu alipata mkataba wa miaka miwili wa ufundi wa malori Lusaka, tukaamua kwenda wote. Najua wa Mbeya wenzangu mtasema si mngechukua hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo inafaa kwa safari ya kwenda na kurudi. Mtoto anayekwenda kukaa na kusoma anahitaji pasipoti.

Kosa langu la kwanza nilifanya nikiwa nyumbani, kwenye simu. Fomu ya Uhamiaji inajazwa mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa shilingi 20,000 za fomu kwanza, na 130,000 zinafuata ombi likipokelewa. Nilijaza jina la shuleni. Nikalipa. Nikachapisha, nikafungasha na cheti cha kuzaliwa, kiapo changu cha kuzaliwa, kopi ya kitambulisho changu cha taifa cha NIDA, picha za mandhari ya bluu, barua ya mtaa, na juu yake nikaongeza barua ya shule ili kukoleza. Afisa wa Uhamiaji alizisoma taratibu, moja baada ya nyingine, kisha akaziweka mbili kando kwa kando.

"Mama, Lusajo wa cheti na Lusajo wa fomu ni watoto wawili. Nimpe nani pasipoti?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na namshukuru kwa hilo. Akaniambia pasipoti inafuata cheti cha kuzaliwa, haifuati shule. Nikamuuliza kama nikienda kwa wakili nikala kiapo kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, itatosha? Akasema kiapo kinasaidia pale herufi zilipogongana, mfano mzazi kitambulisho kinasema Mwakyoma na cheti cha ndoa kinasema Mwakioma. Kiapo kinaeleza jambo lililokwisha kuwapo, hakimpi mtu jina jipya.

Nilipotoka nje kijana mmoja akanifuata. Vishoka wananusa uso wa mtu aliyekwama. Akasema atanipatia cheti kingine cha kuzaliwa chenye jina la Mwakyoma, baba na ubini vyote, "kwa siku tatu tu mama." Ndugu yangu unayesoma, hapo usisimame hata kumsalimia. Rekodi ya kwanza ya mtoto iko RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Ukipata cheti cha pili hujabadilisha jina, umemsajili mtoto wa pili ambaye hujamzaa, na uongo huo utakuwa na saini yako. Siku Lusajo akifika miaka 18 akaenda NIDA, yeye ndiye atakayeulizwa, si mimi.

Njia halali zilikuwa mbili, na nilizunguka siku nne kwa mawakili na ofisini kuzielewa. Ya kwanza ni kurudi kwenye jina la cheti: pasipoti iombwe kwa jina hilo, shule nayo irekebishe. Ya pili ni kulifanya jina la shuleni liwe la kisheria kwa hati ya kubadili jina. Wakili anaiandaa, mzazi anatia saini kwa niaba ya mtoto, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi. Hati isiyosajiliwa ni karatasi ya wakili tu, usije ukaifunga kwenye bahasha ukadhani umemaliza.

Lakini kuna jambo ambalo wakili mmoja mama alinieleza vizuri, nami nawaomba mlishike. Hati inabadili jina, haibadili baba. Ukitaka mume wako awe baba wa mtoto kisheria, njia yake ni kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maombi hayo yanakwenda Mahakama Kuu. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa. Nilipoyasikia hayo nilinyamaza. Lusajo alikuwa na miaka 11 na sikuwahi kumwambia vizuri habari za Makambako.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa, sio kwenye fomu. Usiku ule nilimwambia mume wangu. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mama Lusajo, miaka yote hii mimi nilikuwa nani?" Nikakosa jibu. Siku mbili tulizungumza mambo ya chakula na mizigo tu. Siku ya tatu akaniita, akaniambia tumuulize mwenyewe. Tukamkalisha, tukamwambia yote bila kuficha. Alisikiliza huku akikwangua meza kwa ukucha. Kisha akauliza kama akiitwa Mgaya bado atakwenda Zambia na baba. Mume wangu akamjibu, "Na wewe usipokwenda, mimi siendi." Mtoto akasema basi liwe la kwenye cheti.

Sisemi kila nyumba ichague hivyo. Kama baba mzazi hajulikani, au mtoto ameshafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina jingine, hati inaweza kuwa na nafuu, maana jina lililokwisha kuingia kwenye cheti cha mtihani ni gumu mno kulirudisha. Ninachosema ni kwamba mtoto mwenye akili ya kujibu aulizwe kabla ya wakili.

Jina la cheti lilinileta kwa baba mzazi. Akiwa ametajwa kwenye cheti, Uhamiaji watataka ridhaa yake na kopi ya kitambulisho chake. Tulikuwa hatujazungumza miaka saba. Sikumpigia simu, nilipanda basi la asubuhi. Makambako ilikuwa na upepo wake uleule wa kupasua midomo. Nilifikia kwa mama yake, maana kwa mambo ya mtoto usimrukie mwanamume ukamwacha bibi. Tukasalimiana kamwene, nikampa shikamoo, nikatoa picha ya mjukuu wake. Yule mama aliishika muda mrefu. Ndiye aliyemwita mwanawe, na ndiye aliyemwambia, "Saini, halafu muulize mtoto anavaa viatu namba ngapi." Alisaini. Barua nilikuwa nimekwenda nayo imeshachapwa, ikitaja majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye cheti, namba ya cheti, nchi anayokwenda na anayesafiri naye. Andaeni barua kabla ya kwenda. Mtu akikubali leo, msimwache aandike kesho.

Shule ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Barua kwa mwalimu mkuu, kopi ya cheti, ikapitia kwa afisa elimu, kumbukumbu zikarekebishwa. Tulibahatika kuwa darasa la tano, usajili wa mtihani wa taifa ulikuwa haujafika. Kanisani nilikwenda kwa jambo hilohilo Jumapili baada ya ibada.

Kisha nikajaza fomu upya, herufi kwa herufi nikitazama cheti, nikalipa 20,000 nyingine. Mimi nilizaliwa kijijini Rungwe bila cheti, kwa hiyo upande wangu nilitumia kiapo cha kuzaliwa, nacho kilipokelewa. Siku ya kuchukuliwa picha na alama za vidole Lusajo alivaa shati la shule. Afisa alikuwa yuleyule. Akamuuliza majina yake, akayataja yote matatu, akatutazama mimi na baba yake aliyemlea, kila mmoja upande wake.

Jambo la mwisho kwa wale mtakaovuka mpaka na mtoto ambaye ubini wake si wa mume wala wa mama: ile barua ya ridhaa msiiache kwenye faili la nyumbani. Tunduma, kwenye foleni ya malori na mabasi, tuliulizwa kwa nini mtoto ni Mgaya na sisi ni Mwakyoma. Niliitoa pamoja na kopi ya cheti cha kuzaliwa na cheti chetu cha ndoa, vyote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Afisa akasoma, akagonga muhuri, tukaingia Nakonde kabla ya saa tano.