Hasira na tabia mpya baada ya jeraha la ubongo: kwa anayeanza kuuguza

Mgonjwa akitukana au akitupa vitu, swali la kwanza si kwa nini amekuwa mtu mwingine. Jiulize kilichotokea dakika 15 zilizopita. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuzuia kusema kila linalotujia mdomoni, nayo huumia kwa urahisi kwa sababu kichwa kikigongwa ubongo husugua mifupa yenye kingo iliyo juu ya macho. Ikiumia, hasira hutangulia na kufikiri hufuata nyuma. Hakukusudia kukudharau, hata kama maneno yake yanachoma.

Kwa hiyo shika daftari na uchore safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika saa, waliokuwepo, kelele, usingizi na mlo wa mwisho. “Leo alikuwa mkali” haikufundishi kitu. Andika hivi: “Saa 11 jioni, redio inaimba, watu wanne wanaongea, kaambiwa avue nguo aoge, katupa taulo, tukaacha.” Ndani ya wiki moja au mbili utaanza kuona yanayojirudia, na mara nyingi ni uchovu, kelele, haraka au maagizo mengi kwa mpigo. Basi kuoga kuhamishwe asubuhi, redio izimwe, aambiwe jambo moja tu, kisha usubiri hata sekunde 10 kabla ya kurudia. Ubongo ulioumia huchelewa kupokea, na ukirudia upesi unamrundikia.

Safu ya tatu ndiyo wengi huiacha, na hapo ndipo penye siri. Ikiwa kila akipiga kelele kuoga kunaahirishwa, kelele zimeshakuwa njia yake ya kukataa. Mfundishe njia nyingine akiwa ametulia, kwa mfano kuinua kiganja kuomba kupumzika, na akiinua mpumzishe papo hapo. Ishara isiyoheshimiwa mara mbili tatu hufa, na kelele hurudi.

Akishawaka, usimweleze wala usimhoji. Shusha sauti, fupisha maneno, simama kwa pembeni hatua kadhaa mbali naye, usimzibe mlango, na waliobaki watoke. Mazungumzo yangoje mpaka atulie kabisa. Huenda hata asikumbuke, na kumlazimisha aombe radhi kwa asichokikumbuka ni kuwasha moto mpya.

Kuna mgonjwa asiyesumbua mtu, anakaa tu siku nzima. Huyu huitwa mvivu, na ni uonevu mkubwa. Uwezo wa kuanzisha jambo nao hukaa sehemu ile ile ya mbele. Ukimuuliza “unataka kufanya nini?” atajibu “hakuna”. Mwekee viatu miguuni, anza kufunga kimoja, na mara nyingi atamalizia mwenyewe. Sonona ni jambo tofauti: huja na huzuni, kukata tamaa, kujilaumu, na inahitaji matibabu yake. Akitaja kutamani kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake na utafute msaada wa kitabibu siku hiyo hiyo.

Wengine hulia au kucheka ghafla bila huzuni wala furaha ndani yao. Usimbembeleze kupita kiasi, badilisha mazungumzo taratibu, na umwambie daktari, kwa kuwa zipo dawa zinazosaidia.

Tabia ikibadilika ghafla, tafuta kwanza ugonjwa mwilini: maumivu, kibofu kilichojaa, choo kigumu, maambukizi, kukosa usingizi, au dawa mpya. Levetiracetam, dawa ya kifafa, huwafanya baadhi ya wagonjwa wawe wakali. Usiikatishe mwenyewe, degedege inaweza kurudi kwa nguvu. Peleka daftari kwa daktari aamue. Dawa za kutuliza kama diazepam pia zinaweza kumvuruga akili na kumfanya ashindwe kujizuia kuliko hata awali, kwa hiyo zisiombwe kwa ajili ya utulivu wa nyumba tu. Pombe aiache kabisa.

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: hapo usiandike chochote, mkimbize hospitali.