Goti linalobeba chukudu: pia ya goti inauma kwa nini?

SWALI: Dokta, ninasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma, ninashusha viazi na makaa kutoka Kibumba. Goti langu la kushoto, lile ninalolipiga kwenye ubao huku mguu wa kulia ukisukuma, linauma mbele, kuzunguka pia ya goti. Linazidi nikitembea kwenye mteremko au nikikaa sana kanisani. Halijavimba. Jirani anasema mfupa umeoza, nichomwe sindano. Niache kazi?

JIBU: Ndugu yangu, kazi usiache, na sindano usikubali kabla mtaalamu hajaligusa goti lako kwa mkono. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya mfupa kuoza.

Pia ya goti ni mfupa mdogo uliomo ndani ya kano nene ya misuli ya mbele ya paja. Ukikunja goti, huteleza kwenye mfereji ulioko mwisho wa mfupa wa paja. Mguu ukinyooka haibanwi sana. Kadiri unavyokunja ukiwa na mzigo ndivyo misuli inavyoikandamiza. Kwenye ngazi mgandamizo huo hupita uzito wa mwili wako mara kadhaa, na kuchuchumaa huuzidisha tena. Ndiyo sababu mteremko unakuumiza kuliko barabara tambarare. Wewe unakaa saa nyingi goti limekunjwa, limebeba mwili, na barabara ya mawe ya volkano inalitikisa. Eksirei mara nyingi haionyeshi kitu, lakini uchungu wako ni wa kweli.

Jioni ya leo kaa chini, nyoosha mguu, legeza paja, bonyeza juu ya pia ya goti yenyewe. Ukikuta kivimbe laini chenye majimaji chini ya ngozi, hilo ni jambo lingine: ni kifuko kinachovimba kwa kusuguliwa, na dawa yake ya kwanza ni kutolipiga goti hilo kwa muda. Kivimbe kikiwa cha moto, au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, maana huenda kina usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha joto la magoti yote mawili kwa kiganja.

Sasa chukudu yenyewe. Nimeona nyingi ambazo kipande cha kambambili kilichopigiliwa pale goti linapokaa kimeshakuwa chembamba kama karatasi. Weka sponji nene, uifunike na mpira, uisogeze ili uzito uangukie juu ya mfupa wa muundi, chini kidogo ya pia ya goti. Jifunze kubadilisha magoti, hata kama la kulia litaona ugeni mwanzoni. Punguza gunia moja kwa wiki chache. Najua gunia hilo ni chakula cha nyumbani, lakini ni afadhali kuliko kulala kitandani wiki nzima.

Kinachoponya hasa ni nguvu ya paja na nyonga. Simama juu ya ngazi fupi au jiwe tambarare ambalo kimo chake hakizidi upana wa kiganja. Mguu unaouma ubaki juu. Mwingine ushuke polepole mpaka kisigino kiguse chini, kisha upande. Goti la juu lisikimbilie ndani kuelekea mwenzake. Lielekee kidole cha pili cha mguu. Fanya mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3, leo ufanye, kesho upumzike. Halafu lala ubavu, uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, vilevile mara 10. Uchungu mdogo, tuseme 3 kwa 10, unakubalika ukiisha kufikia asubuhi. Ukizidi, tafuta jiwe fupi zaidi. Nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi huacha wiki ya pili, ndipo wanaporudi kwenye sindano.

Vidonge vya diklofenaki vinatuliza kwa siku chache, lakini kuvimeza kila siku tumbo likiwa tupu na jasho likikutoka kunadhuru tumbo na figo.

Goti likikwama lisinyooke, likilegea ghafla, likivimba baada ya kuanguka, au likikuamsha usiku, usisubiri mazoezi, njoo uonwe. Vaa kaptula, na ukiweza njoo na chukudu. Nataka kuona goti linavyokaa pale.