Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Kuchekesha na Kuliza

SWALI: Nimeangalia Supa Modo na wanangu. Tulianza kwa kucheka, tukamaliza tunafuta machozi. Hii ni ya vichekesho au ya huzuni? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni yote mawili, na ilikusudiwa hivyo. Filamu hii ya 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu Jo, mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, anayeota kuwa shujaa wa sinema. Mama anamtoa hospitali amalizie siku zake nyumbani. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba mtoto ana nguvu za ajabu. Kumbuka pale uwanjani: Jo anasimamisha wakati, wachezaji wanaganda kama sanamu. Hakuna anayechekesha pale. Kila mtu anahangaika mtoto asigundue. Wangeanza kukonyezana, ungecheka mara moja tu, na kilio cha mwisho kisingekuja.

Iliandaliwa na One Fine Day Films ya Ujerumani pamoja na Ginger Ink ya Nairobi, wale wale wa Nairobi Half Life. Katika tamasha la Berlin la 2018, jopo la majaji watoto liliitaja kwa heshima ya pekee. Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Haikuingia kwenye orodha ya mwisho. Kwetu sisi, sifa ya wale watoto ina uzito zaidi: mtoto akichoka haoni haya kuonyesha.

SWALI: Tunatengeneza filamu ya dakika 20. Kwenye seti tulivunjika mbavu, lakini tukiiangalia kwenye kompyuta haichekeshi kabisa. Tumekosea wapi? (Kikundi cha vijana, Morogoro)

JIBU: Kicheko cha kwenye seti kisiwadanganye. Mlicheka kwa sababu mlimjua mwigizaji, au kwa sababu mlichoka. Mara nyingi kosa ni picha za karibu mno. Mtu akiteleza na ndoo, tunataka kumwona yeye, ndoo, na mama mkwe aliyesimama mlangoni, wote katika picha moja pana. Ipigeni hiyo kwanza, halafu uso wa mama mkwe peke yake, na kamera iendelee sekunde 10 baada ya neno la mwisho. Kichekesho kiko usoni kwake, hakiko kwenye ndoo.

Wakati wa kuhariri, msikate papo hapo. Kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), ongezeni fremu 12 kabla ya kukata, muitazame, kisha jaribuni 20. Baada ya kichekesho kikubwa wekeni sekunde 2 au 3 za tendo lisilo na maneno, la sivyo ukumbi utacheka juu ya sentensi inayofuata na hadithi itapotea. Kila eneo rekodini sekunde 30 za ukimya wake. Bila sauti hiyo, pengo mnaloongeza litasikika kama shimo. Na ule muziki wa kinanda unaomwambia mtazamaji "cheka sasa", utoeni.

Kisha onyesheni watu 10 hadi 15 ambao si ndugu zenu, hata kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Kaeni pembeni muwatazame wao, mwandike dakika waliyocheka na dakika waliyotoa simu. Msielezee chochote kabla.

SWALI: Filamu yetu ya Kiswahili ilionyeshwa Ulaya ikiwa na tafsiri chini ya picha. Wageni walicheka kabla mwigizaji hajamaliza kusema! (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Tafsiri iliwahi. Sentensi yote ikitokea kwa pamoja, jicho linafika mwisho kabla ya mdomo. Igaweni mara mbili: sehemu ya kwanza ionekane, itoke, na neno lenye kichekesho litokee pale mwigizaji anapolitamka. Mistari isizidi 2, herufi kama 40 kwa mstari. Methali msiitafsiri neno kwa neno. Mgeni atakuwa bado anaifumbua wakati wenzake wameshacheka na kunyamaza.