Kulungu wanalishtukia hema la kuwindia
Kama kulungu wanasimama mbali wanalikodolea macho hema lako afu wanageuza, mi naona shida ni kwamba umelisimamisha asubuhi ile ile ya kuwinda. Wale wanajua kila kichaka cha njia yao bana, kitu kipya chenye kona kona lazima wakitilie shaka. Liweke wiki mbili tatu kabla, lisogeze mpaka liegemee kichaka, halafu chomeka matawi ya hapo hapo hasa juu na kwenye zile kona mpaka umbo la boksi lipotee. Ndani fungua dirisha la mbele tu, ya nyuma funga yote, maana mwanga ukipita nyuma yako kila ukinyanyua mkono kivuli chako kinaonekana wazi kabisa, na vaa nguo nyeusi, kombati za majani hazina kazi humo gizani. Majani makavu chini ya kiti fagia yote, yasije yakapiga kelele. Upepo nao, usitegemee hema lizuie harufu yako, ukivuma kwenda kwao we rudi tu nyumbani. Kama ni upinde, jaribu kwanza kuvuta ukiwa umekaa, mshale usije ukagonga ukingo wa dirisha.